Mzigo wa Frasila Mbili

Mwezi Juni mwaka 1879, tembo wanne walioletwa kwa meli kutoka India walishushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam. Aliyewagharamia alikuwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na aliyewaongoza alikuwa Kapteni Frederick Carter. Walikusudiwa kwenda Mpwapwa, kisha Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ili ijulikane kama mnyama mwenye nguvu kuliko wote wanaofugika angeweza kushika nafasi ya wapagazi. Tembo wakavuka tambarare, wakapanda Usagara, wakafika Mpwapwa. Mmoja wao alikufa hapo, na waliobaki wakazidi kupungua huko mbele. Njia ya kati, ile ya kutoka pwani kwenda ziwa hilo, haikupata usafiri wa tembo. Wapagazi waliendelea kupita kama walivyokuwa wakipita kabla ya hapo, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au pungufu kidogo, begani au kichwani. Huyo aliyebaki na kazi baada ya tembo kushindwa ni kiumbe ambaye, kilo kwa kilo ya msuli, anazidiwa nguvu na sokwe. Naamini mambo haya mawili yanahusiana. Binadamu alipoteza nguvu za kuvuta na kurarua kwa sababu mwili wake uliumbika upya kwa ajili ya mwendo mrefu, na historia ya upagazi katika nchi ya Kilosa inatuonyesha alichopata badala ya nguvu hizo, na kwa gharama gani.

Wilaya ya Kilosa iko mkoani Morogoro, katika nchi ambayo vitabu vya karne ya 19 viliiita Usagara. Milima ya Usagara na Ukaguru imesimama upande wa magharibi, Mto Mkondoa unashuka kutoka huko na kupita Kilosa, na chini yake imetanda mbuga ya Mkata, inayoendelea kusini hadi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Ni wilaya hiyohiyo yenye Msowero ya Chifu Mangungo, ambaye kila mwanafunzi wa Tanzania amesoma habari za mkataba wake na Karl Peters wa Novemba 1884. Lakini kabla ya mikataba palikuwa na njia. Misafara ya pembe za ndovu, nguo na ushanga ilipita bonde la Mkondoa ikielekea Ugogo na Unyanyembe. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke waliifuata mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Katika nchi hii wanakutana pia jamaa wawili wa ukoo wa mbali: mkulima anayelinda mahindi, na nyani anayeyavizia. Mkulima hahitaji kuambiwa kwamba dume la nyani, ambalo uzito wake haufiki nusu ya wake, si wa kushikana naye mikono. Maarifa hayo ni ya kweli, na sayansi ya misuli imeyapa maelezo.

Kwanza tujue kiasi cha udhaifu wenyewe, maana umetiwa chumvi kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1920, John Bauman aliwapima sokwe wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kwa kuwafanya wavute kamba iliyofungwa kwenye mizani. Kutokana na vipimo vyake ikaenea habari kwamba sokwe ana nguvu mara tano au zaidi ya mwanamume mzima. Mwaka 1943 Glen Finch alirudia kazi hiyo kwa uangalifu zaidi, na sokwe wake hawakuwapita wanaume kwa umbali kama huo. Walikuwa na nguvu zaidi kwa kulinganisha na uzito wao, basi. Mwaka 2017 Matthew O'Neill na wenzake waliacha mizani wakaenda kwenye msuli wenyewe. Walipima nyuzi za msuli wa sokwe, wakazilinganisha na za binadamu, wakapata kwamba msuli wa sokwe unatoa nguvu mara 1.35 hivi ya msuli wa binadamu wa ukubwa uleule. Tofauti hiyo si ndogo, ila iko mbali sana na mara tano.

Kilicho muhimu kuliko tarakimu hiyo ni chanzo chake. Msuli una nyuzi za aina mbili kuu. Ziko nyuzi za haraka, zinazojikunja kwa kasi na kwa nguvu lakini huchoka upesi. Na ziko nyuzi za polepole, zenye nguvu ndogo lakini zinazoweza kufanya kazi kutwa nzima kwa kutumia hewa na chakula kidogo. Kwa sokwe, nyuzi za haraka ni karibu theluthi mbili ya msuli. Kwa binadamu hesabu imepinduka: nyuzi za polepole ndizo karibu asilimia 70. Isitoshe, nyuzi za sokwe ni ndefu zaidi, na urefu huo humwongezea kasi. Wanasayansi walipotazama wanyama wengine wanyonyeshao waliona kwamba sokwe hana cha ajabu. Msuli wake umekaa karibu na kanuni ya wengi. Aliyetoka kwenye kanuni ni binadamu. Kwa hiyo tunakosea tunapouliza sokwe alipata wapi nguvu zake. Yeye hakuongeza kitu. Sisi ndio tuliobadilika, na tulibadilika kuelekea upande mmoja unaoeleweka, ule wa kazi isiyokatika.

Msuli hauachi kisukuku, kwa hiyo historia ya badiliko hilo lazima tuisome kwenye mifupa na nyayo, na Afrika Mashariki ina kurasa nyingi za kitabu hicho. Nyayo za Laetoli, zilizochimbuliwa na kundi la Mary Leakey tangu mwaka 1978, zinaonyesha viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita. Mifupa ya kijana wa Nariokotome, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu karibu na Ziwa Turkana mwaka 1984, ina umri wa miaka milioni moja na nusu au zaidi kidogo, na miguu yake ni mirefu kama ya mtu wa leo. Faida ya umbo hilo imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwatembeza sokwe na watu kwenye mashine ya mwendo, ukaona kwamba binadamu anatumia robo tu ya nishati anayotumia sokwe kwa umbali uleule na uzito uleule. Sokwe wa Gombe na Mahale, ambao wamefuatwa na watafiti tangu miaka ya 1960, kwa kawaida hutembea kilomita chache tu kwa siku, mbili hadi nne. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, hutembea karibu kilomita 11 kwa wanaume na 6 kwa wanawake, siku baada ya siku. Kiumbe ambaye chakula chake kimesambaa katika nchi kavu na pana hana faida kubwa ya kuweza kung'oa tawi kwa mkono mmoja. Faida yake ni kufika kwenye chakula na kurudi akiwa bado na akiba mwilini.

Pamoja na nyuzi za polepole lilikuja jasho. Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho kwa mamilioni, zikiwa zimesongamana mara kumi hivi kuliko za sokwe, na manyoya yake yamepungua hadi kubaki vinyweleo. Mnyama mwenye manyoya anayefanya kazi mchana wa joto hulazimika kusimama kivulini aheme. Binadamu hupoa huku akiendelea. Lakini jasho ni maji, na maji hayabuniwi na mwili. Hapa ndipo mtu anayeijua ramani ya misafara anapoona jinsi mwili ulivyoitawala njia. Misafara ilishika bonde la Mkondoa kwa sababu lilikuwa na maji, vijiji na nafaka. Ilianza mwendo alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, baada ya kilomita kumi na tano au ishirini. Ng'ambo ya Mpwapwa palikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kuaminika, na hapo utaratibu ulibadilika, msafara ukapiga terekeza. Watu walipika na kunywa asubuhi, wakaondoka mchana, wakatembea hadi usiku, wakalala bila maji, kisha wakamaliza safari alfajiri ya pili. Terekeza ni elimu ya mwili iliyopatikana kwa kutembea, na inalingana kabisa na kile ambacho wanafiziolojia wamekuja kukieleza baadaye kuhusu joto, jasho na uchovu.

Upagazi wenyewe ulikuwa kazi yenye sheria na sifa zake. Wanyamwezi waliokuja pwani kila msimu wa kiangazi walikuwa watu wa kazi ya ujira, wakiwa na kirangozi wao mbele, wakipatana mshahara na posho kabla ya kuinua mizigo, na wakiweka mizigo chini pale mapatano yalipovunjwa. Chakula cha siku kilikuwa kibaba cha nafaka, au kipande cha nguo cha kununulia nafaka kijijini. Wanawake waliandamana na misafara, wakabeba vyombo, wakapika, wengine wakabeba mizigo ya biashara. Kwa mpangilio huo mzigo wa Bagamoyo ulifika Tabora, zaidi ya kilomita 800, kwa muda wa miezi miwili au mitatu, na makumi ya maelfu ya watu waliifanya kazi hiyo kila mwaka biashara ilipokuwa imepamba moto. Hakuna mahali katika safari hiyo ambapo mpagazi alitakiwa kuonyesha nguvu za kupita kiasi. Alitakiwa kufanya jambo la wastani mara nyingi mno, na kesho yake alifanye tena.

Msomaji makini atapinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema farasi, punda na ng'ombe hawakushindwa na mwendo. Waliuawa na ndorobo. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Farasi wawili wa Stanley walikufa katika wiki za kwanza za safari yake ya 1871, na punda wake wakafuata mmoja mmoja kabla na baada ya matope ya Mkata. Roger Price wa misheni ya London aliwafikisha ng'ombe wake Mpwapwa salama mwaka 1876, akaamini magari ya kukokotwa yatafaa. Mwaka uliofuata ng'ombe wa msafara wa wamisionari walikufa, na mpango ukafa nao. Ndorobo ndiye aliyeamua kwamba mizigo itabebwa na watu, na mimi sidai kwamba kifo cha punda kinathibitisha ubora wa msuli wa mtu. Ninachodai ni kidogo zaidi. Ndorobo aliwaondoa farasi, punda na ng'ombe, lakini hakumpa binadamu uwezo wa kubeba frasila mbili kwa kilomita 800. Uwezo huo alikuwa nao tayari. Kama mwili wetu ungekuwa na msuli wa sokwe, wenye nguvu na mwepesi wa kuchoka, ndorobo angeifunga njia ya kati moja kwa moja.

Kuhusu ndorobo kuna jambo jingine ambalo halipaswi kupita bila kutajwa. Damu ya binadamu ina protini inayoua vimelea vingi vinavyoenezwa na mdudu huyo, ndiyo maana ng'ombe hufa pale mtu anapopona, na ni aina mbili tu za vimelea hivyo zilizopata njia ya kuikwepa na kutuletea malale. Nyani wana kinga ya namna hiyohiyo. Sokwe wameipoteza. Kwa hiyo hata katika jambo hili mtu na nyani wa nyika wako upande mmoja, na ndugu yetu wa karibu zaidi, anayekaa msituni, yuko upande mwingine.

Nyani huyo analeta pingamizi la pili. Yeye pia anaishi katika nyika ya Mikumi, anatembea mbali juani, na hajawa dhaifu. Kwa nini sisi? Jibu langu ni kwamba nyani hakuacha silaha zake. Dume lina meno marefu kama ya chui, linapigana na madume wenzake, na kundi zima hukimbilia mtini usiku. Kwa maisha hayo nguvu za ghafla ni uhai. Wahenga wetu walikuwa na mikono iliyoachwa huru na mwendo wa miguu miwili, na mikononi mwao yalikuja mawe yaliyochongwa, fimbo, baadaye moto. Ndipo wengine husema: basi ni zana zilizotudhoofisha, kwa kuwa asiyehitaji nguvu huzipoteza. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Kuzembea kungetudhoofisha kila mahali sawasawa. Mwili wa binadamu haukudhoofika hivyo. Mikono imepungua, lakini mapaja na matako yamejaa msuli kuliko ya sokwe, kano ya kisigino imerefuka, na nyuzi zimebadilika aina badala ya kupungua tu. Huo ni mwili uliochongwa kwa kazi fulani. Zana ziliruhusu badiliko, na umbali ndio uliolielekeza.

Wapo pia wanaosema ubongo ndio ulioula msuli. Ubongo wetu hutumia karibu moja ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika, na ni haki kuuliza nishati hiyo ilitolewa wapi. Hata hivyo vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 vilionyesha kwamba binadamu, ukizingatia ukubwa wa mwili, hutumia karibu kilokalori 400 zaidi ya sokwe kila siku. Hatukukata posho ya msuli ili kuulisha ubongo. Tuliongeza posho yote. Na posho hiyo ya ziada ilipatikana kwa kutembea mbali zaidi kuitafuta, kuigawana na kuipika. Kwa maoni yangu ubongo ni mnufaika wa mwendo mrefu zaidi kuliko kuwa chanzo cha udhaifu wetu.

Pingamizi la mwisho silichukulii kama la kitaaluma tu. Mtu akisema mwili wa binadamu umeumbika kwa kustahimili, kisha akachukua mfano wake kutoka kwa wapagazi wa Kiafrika, anakaribia sana maneno ya wakoloni waliosema Mwafrika kaumbwa kubeba. Ushahidi unakataa maneno hayo. Nyuzi za polepole, tezi za jasho na miguu mirefu ni urithi wa kila mtu aliye hai. Kilichomtofautisha mpagazi hodari ni mafunzo. Mwaka 1986 watafiti waliofanya kazi Kenya walichapisha vipimo vya wanawake wa Kikuyu, wanaobeba kwa mkanda wa kichwani, na wa Kijaluo, wanaobeba juu ya kichwa. Waliweza kuchukua mzigo wa moja ya tano ya uzito wao bila kuongeza nishati ya mwendo. Vipimo vya baadaye kwa wanawake wa Afrika Kusini havikupata matokeo hayo. Kama ingekuwa rangi au damu, wote wangefanana. Ni ustadi, unaoanza utotoni na kutofautiana kwa jamii na kwa mtu. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri kwa sababu upagazi ulikuwa kazi ya heshima kwao, kijana akianza na mzigo mdogo kando ya baba yake. Kuuchukua ujuzi huo na kuuita maumbile ni kuwadhulumu watu waliouhangaikia.

Matokeo ya dhuluma hiyo yalionekana Vita Kuu ya Kwanza ilipofika. Reli ya kati ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara mikubwa ya njia hii ilikuwa inakoma. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalivuka nchi hii na kuingia Kilosa mwezi Agosti. Farasi wao walikufa kwa maelfu, na mizigo ikarudi kwenye vichwa vya watu. Safari hii haikuwa kazi ya mapatano. Watu walikamatwa vijijini, wakapelekwa nchi wasizozijua, wakapewa unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, mara nyingi bila vyombo wala muda wa kuuivisha, na posho ikakatwa pale njia za ugavi zilipoelemewa. Pande zote mbili za vita zilifanya hivyo. Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, na walioangushwa na kuhara damu, nimonia na njaa walikuwa wengi kupita walioangushwa na risasi. Walikuwa watu wenye mwili uleule, na mzigo mara nyingi ulikuwa mwepesi kuliko frasila mbili za Wanyamwezi. Mwili wa kustahimili huendeshwa kwa chakula kilichoiva, maji na usiku wa kupumzika, na kirangozi wa karne ya 19 alilijua hilo alipokataa kuinua mzigo kabla ya kukabidhiwa posho. Maofisa waliopanga vita vya 1916 walihesabu mizigo na vichwa vya kuibeba, na chakula cha wabebaji wakakiweka mwisho wa hesabu.